Moshi Niliokupulizia

Kabula, mama yangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu kesho alfajiri pale stendi ya Nyegezi, ukipanda basi la kwenda chuoni Dodoma, makondakta watakuwa wanapiga kelele, mama yako atakuwa analia huku anakagua mabegi, na shikamoo yako inaweza kupotea humo. Jibu lake likae hapa.

Nyinyi wawili mmekwenda Igoma kumuaga shangazi yako, na nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimesogeza kabureta ya mtu pembeni na kufuta mafuta, lakini doa utaliona tu kwenye karatasi. Unisamehe. Barua ya fundi wa injini za boti haiwezi kutoka safi.

Mambo ya kufua, kupika, kuchagua marafiki na kwenda kanisani nimemwachia mama yako. Ameyasema wiki nzima, na nilikusikia ukiitikia "ndiyo mama" kabla hata hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu mwezi uliopita bila kulisema. Ningeweza kukuita tukae tuongee. Lakini siku hizi nikisema maneno mengi kwa mfululizo pumzi inakatika njiani, wewe ukiniona hivyo unasema "basi baba, pumzika," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye karatasi ninaweza kufika mwisho wa sentensi.

Jambo lenyewe ni kale kaflashi kako, kama unavyokaita.

Ulikachomeka kwenye chaja hapa mezani kwangu, ukaenda kuoga. Nikaona taa ya bluu inawaka, halafu ikazima. Nikadhani ni tochi imekufa. Unanijua, kitu kikizima mbele yangu mkono unatafuta bisibisi wenyewe. Nikakafungua. Ndani nikakuta betri ndogo, pamba iliyolowa na waya mwembamba uliojikunja kama springi. Nikanusa. Embe. Nikakaa nimekashika, najiuliza ni tochi gani hii inanukia embe, na nikacheka peke yangu kabla sijaelewa. Nilipoelewa, sikucheka tena.

Nikakafunga vilevile kalivyokuwa. Ukatoka bafuni, kanga begani.

"Baba, umeona kaflashi kangu?"

"Kako hapo mezani, mama."

Wewe ulisema uongo mdogo, na mimi nikaushikia ngazi. Siku ile niligomba jioni nzima juu ya chumvi kwenye mboga, na mama yako akaniuliza nimeumwa na nini. Hasira yenyewe haikuwa ya chumvi wala haikuwa yako. Nilikuwa naogopa. Mtoto mwenye pumu, niliyewahi kumshika mikononi akiwa ameishiwa hewa, anavuta sigara ya umeme chumbani kwake, na mimi baba mtu sina mdomo wa kumkataza. Ngoja nikueleze kwa nini sina mdomo.

Ulizaliwa msimu wa mvua, kama bibi yako, ukapewa jina lake la mvua. Ndiyo maana hadi leo nakuita mama. Kabla ya kuhamia hapa Butimba tulikuwa tunakaa kule mwaloni, mahali boti zinapoegeshwa, chumba kimoja kilichotazama ziwa. Mwezi ukiandama, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wanapanda kutoka majini kama wingu. Wanajaa kwenye taa, wanajaa kwenye uji, ukifungua mdomo kusema neno umeshameza wawili. Watu wa mwaloni tulikuwa na dawa yetu. Unawasha sigara, unapuliza moshi, wadudu wanatawanyika. Kila mvuvi aliifanya, na hakuna aliyeuliza dawa hiyo inamtibu nani.

Basi jioni hizo nilikuwa nakupakata mlangoni, sigara mkono huu, wewe mkono huu, nakupulizia moshi taratibu kuzunguka uso wako ili wadudu wasikuingie puani. Nilikuwa mwangalifu sana. Nilipuliza polepole usije ukashtuka. Majirani walipita wakasema, tazama fundi anavyompenda mtoto wake. Na walisema kweli. Sijawahi kushika kitu chochote kwa uangalifu kama nilivyokushika wewe wakati nakuvutisha sigara.

Ulipoanza kukohoa, mama yako alisema, "Huyu mtoto kifua hakijakaa vizuri."

Mimi nikamwambia, "Ni hao wadudu. Wanamwingia." Nikaongeza moshi.

Hilo ndilo ninalolirudia kichwani hadi leo. Sitaki ulisome halafu ubebe hatia yangu pamoja na mabegi yako. Nilimuuliza daktari wangu kama pumu yako niliileta mimi, na hakunipa jibu rahisi. Alisema pumu ina sababu nyingi, nyingine mtu anazaliwa nazo, na hakuna daktari anayeweza kumshika mtoto mmoja akaapa kwamba yake ilitoka hapa. Lakini alisema watafiti wamewachunguza watoto wengi sana, nchi nyingi, na jibu linarudi lilelile: mtoto anayekaa kwenye moshi wa sigara za wakubwa yuko kwenye hatari zaidi ya kupata pumu, na akiwa nayo tayari inambana mara nyingi zaidi na vibaya zaidi. Akaniachia hapo. Aliyebaki nalo ni mimi.

Najua utamkumbuka bibi yako. Hata mimi nilimtumia sana kama wakili. Mama alivuta kiko mpaka amezeeka, amekaa kwenye kigoda chake, anatema mate na kucheka, na kila aliyenigusa kuhusu sigara nilimwambia, "Nenda kamuulize mama yangu." Ilinichukua miaka kujiuliza wenzake aliokuwa anavuta nao wako wapi. Walikuwepo. Mmoja alikohoa damu tukasema kalogwa. Mmoja, mjomba wake, aliishiwa sauti kabisa na kufa na uvimbe kooni, na tukasema ni mizimu ya upande wa baba. Yule aliyebaki kigodani ndiye tuliyemwona, kwa hiyo tukadhani tumbaku haiui. Daktari anasema kazi ya sayansi ni kuwahesabu na wale ambao hawakubaki kusimulia. Walipohesabiwa, ikaonekana kwamba wavutaji wengi wa muda mrefu, hadi nusu yao, tumbaku ndiyo inayowamaliza, kwa saratani, kwa moyo, kwa kiharusi, au kwa kifua kama changu. Mama yangu alikuwa upande wa bahati. Sikurithi bahati yake, na wewe sijui, na sitaki tujaribu.

Usidhani nilivuta kwa sababu ya ujinga peke yake. Sigara ilikuwa na adabu zake. Ukimtengenezea mvuvi injini ikawaka, baada ya malipo anatoa sigara moja anakuwekea sikioni. Inaitwa sigara ya fundi. Kuikataa ni kama kumwambia mtu samaki wake wananuka. Nilipokuwa kijana, ile sigara sikioni ndiyo ilikuwa cheti changu, watu wakiiona wanajua huyu kazi yake imekubalika. Huko chuoni nako kutakuwa na adabu zake. Atakuwepo mtu mzuri, anayekuchekesha, atakayekupa kaflashi kenye ladha ya stroberi kama anakupa peremende, na hatakuwa shetani. Hata wavuvi wangu hawakuwa mashetani.

Sasa kivuko. Sijui unakumbuka kiasi gani. Ulikuwa darasa la tatu, tunatoka harusini Sengerema, wewe na mimi tu, na daraja la Kigongo halikuwepo. Nilivuta ndani ya gari la watu njia nzima, vioo juu kwa sababu ya mvua. Kivuko kilipoondoka Busisi ukaanza kuhema kwa mabega. Nikakutoa nje ya gari, nikakuweka kwenye upepo, ukawa unanitazama tu, huwezi kusema, hapa chini ya shingo panazama ndani kila ukivuta hewa. Nilimfuata nahodha nikamwambia aongeze mwendo. Akaniambia, "Mzee, mwendo wake ndiyo huu." Mimi ni mtu wa injini, nilisikia kwa masikio yangu kwamba ilikuwa imefika mwisho. Hakuna kitu ambacho mikono yangu inajua kufanya kingeweza kukusaidia.

Tulipofika ng'ambo nikakimbia nawe zahanati, muuguzi akakuwekea mashine ya dawa usoni, na kifua kikaanza kushuka. Nikatoka nje kumshukuru Mungu. Nikawasha sigara. Kabula, nilikuwa bado naogopa kwa ajili yako, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Niliivuta mpaka mwisho.

Niliporudi, yule muuguzi, mama wa makamo, akanizuia mlangoni.

"Baba, umetoka kuvuta?"

"Kidogo tu. Nilikuwa na wasiwasi."

"Basi usimpakate kwanza. Hilo shati livue, liache nje. Moshi umekaa humo."

Nikakaa kando ya kitanda chako na singlendi, watu wananitazama, baridi ya ziwa inanipiga. Ungedhani niliacha siku hiyo. Sikuacha. Nilianza kuvuta nyuma ya nyumba, halafu narudi nimetafuna majani ya mpera, nikijiona mjanja. Kisha siku moja nilirudi kutoka kazini ukanikimbilia kama kawaida, nikakuinua, na nikasikia umebana pumzi. Ulikuwa umejizoeza. Unamkumbatia baba yako, unabana pumzi, ukishushwa chini ndiyo unahema. Sidhani kama ulikuwa unajua unafanya hivyo. Hilo liliniuma kuliko kivuko.

Hata baada ya hapo niliacha na kurudi, nikaacha na kurudi. Nilikuwa mkali kama nyuki, silali, nalia bila sababu, na mama yako alikaribia kunirudisha kwetu. Nilidhani mimi ni dhaifu. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde, inaufundisha kuidai, na ubongo ukishafundishwa hausahau upesi. Si suala la tabia njema. Nikotini hiyohiyo ndiyo iliyolowa kwenye ile pamba yako, na nasikia hata baadhi ya zile zilizoandikwa kwamba hazina, zikipimwa zinakutwa nayo. Wewe huna hata miaka ishirini na mmoja. Daktari anasema ubongo unaendelea kujengeka mpaka karibu ishirini na tano, na nikotini ikiingia wakati huo inashika zaidi, na inagusa umakini na kumbukumbu, vitu vilevile unavyovipeleka chuoni.

Nilimuulizaje daktari? Kwa ujanja, kama kawaida yangu. Ilikuwa kliniki yangu ya kifua. Nilikuwa nimemaliza kupuliza ile mashine ya kupima pumzi, "endelea, endelea, endelea bado," na mimi nimeshamaliza zamani. Zamani nilikuwa nabeba injini ya boti begani kutoka majini hadi kibandani. Sasa napuliza kamrija napata kizunguzungu. Anasema sehemu iliyoharibika haitarudi, dawa ni za kuzuia isizidi, na kwamba kuacha ndiyo kitu cha maana zaidi nilichokifanya, maana mwili ulianza kunufaika tangu siku zile za mwanzo, moyo hasa. Basi nikakohoa kidogo nikasema, "Daktari, kuna mtoto wa jirani anatumia vepu, hizi sigara za umeme."

"Mtoto wa jirani," akasema, anaandika.

"Ndiyo. Anasema ni mvuke wa maji tu."

"Siyo maji. Ni matone madogo sana ya kemikali, yanafika ndani kabisa ya mapafu. Ndani yake mna nikotini, mna vitu vya ladha ambavyo ni salama kula lakini haijathibitishwa kwamba ni salama kuvuta, na waya ukipata moto unaweza kuacha chembe za madini humo."

Hilo la waya nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu. Nikamuuliza, "Lakini si afadhali kuliko sigara?"

"Kwa mtu anayevuta sigara, akihamia huko moja kwa moja, sumu nyingi zinapungua. Wapo watu wazima imewasaidia kuacha. Huyo mtoto wa jirani alikuwa anavuta sigara?"

"Hapana."

"Basi hajapunguza kitu, mzee. Ameongeza. Na vijana wanaoanza na vepu, tafiti nyingi zinaonyesha wako kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuvuta sigara."

"Na baada ya miaka thelathini inamfanyaje mtu?"

Akaweka kalamu chini. "Hatujui. Hazijafikisha miaka hiyo. Sigara nayo ilivutwa miaka mingi kabla ushahidi haujakamilika, na waliokuwa wanavuta wakati huo ndio waliokuja kuwa ushahidi." Halafu akanitazama. "Huyo mtoto wa jirani ana pumu?"

Nikasema ndiyo.

"Mwambie pumu na vepu havikai nyumba moja. Mwambie kwa upole. Ukimgombeza atajificha, na mwenye pumu anayejificha ndiye ninayemwogopa."

Nimelala na neno hilo tangu siku ile. Nilidhani kazi yangu ni kukunyang'anya kale kaflashi, na kweli, mara mbili nilikatoa kwenye begi lako nikitaka kukatupa ziwani. Nikakarudisha. Ungenunua kengine Dodoma, na ungekuwa umejifunza kunificha vizuri zaidi. Mimi mwenyewe nilifichwa na majani ya mpera miaka mizima, najua mtu anavyokuwa hodari.

Kwa hiyo sikuombi ahadi. Ahadi za kuacha nilizitoa nyingi, nyingine mbele ya mchungaji. Ninachoomba ni kwamba ujue ninachokijua, kisha uamue kama mtu mzima, ukikumbuka kwamba kifua unachoamulia si kipya. Kilishavuta sigara za mtu mwingine kabla hujaota meno. Ukitaka kuacha ukashindwa, si aibu, ni ile pamba inafanya kazi yake. Nenda hospitali ya chuo uombe msaada, na ukianguka uanze tena. Mimi nilianguka mpaka nikachoka kuanguka, na sasa ni miaka sijaigusa, ingawa mtu akiwasha karibu yangu bado kichwa kinageuka.

Nimewaza pia kwamba huenda ulianza kwa sababu yangu, kwamba mwili wako ulikuwa unaijua nikotini kabla hujajua jina lako. Sina ushahidi wa hilo. Lakini kama utasoma barua hii ukasema "ndiye aliyenianzisha," sitakujibu. Utakuwa na haki ya kuwa na hasira, na hasira hiyo ije kwangu, isiishie kwenye mapafu yako.

Sasa nikuambie ninachoogopa hasa. Huko Dodoma kuna vumbi na kuna baridi ya asubuhi. Siku moja kifua kitabana. Naogopa utakaa chumbani kwako umefunga mlango, umeshika dawa yako ya kupuliza, unasubiri kipungue, kwa sababu hutaki daktari akuulize maswali na hutaki baba yako ajue. Baba yako ameshajua. Hiyo sababu nimeiondoa leo, isikushikilie hata dakika moja. Toka, piga kelele, amsha mtu yeyote, mwambie daktari ukweli wote hata kama unanukia embe.

Kisha nipigie. Usitafute maneno, nikikusikia unavyohema nitaelewa, nimeisikia sauti hiyo kabla. Sitakuuliza ulikuwa unavuta nini, wala na nani. Nitakuuliza uko wapi tu, halafu nitakuja, nikipumzika kila ngazi kama ninavyotembea siku hizi, lakini nitakuja.

Baba yako